Aktrisi wa kwetu anajulikana na kila mutu, ila hana ata kopi ya kazi yake. Ba Goma, ba Bukavu, ba Lubumbashi, mukuje tuongee

MamaPacha Ndosho

Salamu kwa wote. Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta, leo naacha uende na makosa yake, mutu asije kunisahihisha sarufi.

Juzi nilikuwa kwa fundi wangu wa nguo pale Birere, ako na ka televisheni juu ya kabati, na walikuwa wanapitisha mchezo wa kufundisha watu kunawa mikono juu ya kolera. Fundi anashona, anainua kichwa, anaangalia televisheni, ananiangalia mimi, anarudi kwa televisheni. "Mama, si ni weye huyu?" Ndiyo, ni mimi. Kwa ile picha niko na miaka 24, kiuno bado kiko, leo niko na 38 na bapacha wako sekondari. Tulicheza siku tatu, wakatupa dola 15 kila mumoja na soda ya moto. Tangu hapo kila kolera ikirudi Goma na mimi narudi kwenye televisheni. Nafikiri kolera inanijua kuliko benki.

Shirika silitaji, sikukuja hapa kushitaki mutu. Ila usiku nikajiuliza, hivi nilisaini nini ile siku? Nikakumbuka. Nilisaini liste ya prezansi. Jina, namba ya simu, saini, hapo hapo kwenye karatasi ile ile ya kupokea soda. Hiyo njo (ndiyo) ilikuwa kontra yangu, mkataba wangu. Sura yangu, sauti yangu, machozi yangu (nililia kweli, siku ile nilikuwa nimefiwa), vyote vilienda kwa safu moja ya liste ya prezansi.

Hapa kwetu mwanamke wa kuigiza ako na njia tatu. Ya kwanza ni teatre ya ba ONG (mashirika yasiyo ya serikali), ile ya kushirikisha watu, unacheza sokoni ama kwenye uwanja wa mawe ya volkano, mikro hakuna, mvua inatishia, katikati ya mchezo munasimama na mama mumoja wa kuuza sambaza (samaki wadogo) anaingia kuchukua nafasi yako kukuonyesha namna mke anapaswa kujibu mumewe. Watu wanaicheka hii teatre, mimi nasema hakuna shule kali kama hiyo. Mutu amecheza Mabanga saa sita mchana mbele ya bamotari (watu wa pikipiki) wenye njaa, huyo mutu umupeleke jukwaa lolote la dunia hatatetemeka.

Ya pili ni redio. Wakubwa munakumbuka Kumbuka Kesho, ule mchezo wa shirika la La Benevolencija, watu walikuwa wanabishana juu ya wahusika sawa vile ni majirani. Redio ni nzuri juu haiulizi umri. Bibi wa miaka 50 anacheza binti wa 16 na hakuna anayejua. Redio haiulizi kilo pia, asante Mungu.

Ya tatu ni wageni wanakuja na kamera yao, wanatafuta "uso wa kweli". Hapo njo nataka tusimame kidogo. Rachel Mwanza, mtoto aliyelala kwenye barabara za Kinshasa, alichukua Dubu wa Fedha wa muigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filimu la Berlin mwaka 2012, na ile filimu alicheza, ya muongozaji Kim Nguyen, ikawakilisha Kanada kwenye Oscar za 2013. Kanada, si Kongo. Véro Tshanda Beya, filimu yake ya kwanza kabisa ni Félicité ya Alain Gomis, 2017, ikachukua tuzo kubwa ya majaji Berlin na farasi wa dhahabu wa FESPACO, tamasha la filimu la Ouagadougou, yeye mwenyewe akapata muigizaji bora wa kike kwenye AMAA, tuzo za filimu za Afrika. Wanawake wawili wa Kongo, miaka mitano kati yao, Berlin wamesimama kupiga makofi. Sasa nitajieni roli ya pili ya kila mumoja, ile mutu wa Ndosho ameona. Tafuta.

Si kosa lao. Zawadi inakupa jina, roli ya pili inatoka kwa mutu mwenye kuwa na filimu ya pili ya kutengeneza, na kwetu huyo mutu ni nani?

Niambieni kama niko mwenda wazimu.

Mwana Kadutu

Yaya (dada mukubwa) hauko mwenda wazimu ila unachanganya vitu. Véro na Rachel hawakuenda kutafuta kazi ya uigizaji, waliokotwa, mutu akiokotwa hawezi kulaumu barabara. Na tena Félicité usisahau, anaimba filimu nzima lakini ile sauti si yake, ni ya Muambuyi wa bendi ya Kasai Allstars. Mwili wa huyu, koo ya yule. Umeona Muambuyi kwenye zulia jekundu?

Mimi hapa Bukavu nimefanya sauti (son) ya filimu ndogo tangu 2014, nashika fimbo ya mikro, kwa hiyo waigizaji nawajua hadi pumzi. Shida ya kwanza ya waigizaji wetu wa kike ni NDOA. Anafundishwa miaka minne, anakuwa moto, bwana anakuja, bukwe (harusi) mwezi wa nane, mwezi wa tisa "mume wangu hapendi". Tuseme na hiyo.

MamaPacha Ndosho

Mwana Kadutu tuseme na hiyo basi. Mama mukwe wangu, Mungu amulaze, aliniona nacheza Katindo akarudi nyumbani hakula. Alisema mwanamke wa watu hawezi kupiga kelele katikati ya wanaume na kitenge kimefungwa vibaya. Jina la kazi yetu mutaani munalijua, sitaliandika. Lakini nikuambie ni nini kilimunyamazisha: mwezi nilileta mfuko wa unga na jerikani ya mafuta kutoka kwa ile redio. Kilo 25 za unga. Hakusema tena neno, na jioni alikuwa anauliza kama kesho niko na repetisio (mazoezi). Bwana "hapendi" juu kazi hailipi. Ikilipa atakubebea mkoba.

Lushois wa Katuba

Bamama na babaka, miye niko ku Lubumbashi, muniruhusu niingie. Munaongea sawa vile teatre ya Kiswahili ilianza na ba ONG. Haina vile! Huku kwetu tulikuwa na kundi ya teatre ya Mufwankolo, bantu ba kazi, ba Union Minière, ba Gécamines, zile kampuni za migodi, banacheka nao, redio, kisha televisheni, na Kiswahili chetu hiki hiki cha Katanga bantu ba Dar banasema ni kibovu. Mwaka 1986 balitengeneza mchezo muzima juu ya ile methali ya kusema mamlaka inaliwa nzima nzima, haikatwe vipande. Chini ya Mobutu! Na bamama balikuwa ndani ya lile kundi, banatunga maneno pale pale bila skripti, kila mumoja anajua kwenye anaenda.

Sasa sikiliza yaya MamaPacha, hii inakuja kwa maneno yako. Ukitaka leo kusoma kile walisema, neno kwa neno, Kiswahili chao, unatafuta kitabu cha Johannes Fabian cha 1990, kilitoka Wisconsin, Marekani. Sina shida na ule muzungu, alifanya kazi muzuri, bila yeye tungekosa. Lakini mwana wa Kenya ama Kamalondo, mitaa ya hapa Lubumbashi, anasikia sauti ya nkambo (babu) yake kupitia Wisconsin.

Na ile teatre kubwa ya muji, ile nyumba wakoloni walijenga katikati, leo ni Bâtiment du 30 Juin, badepite (babunge) ba provensi njo bako ndani. Bado bantu banacheza mule, ni vile tu tiketi haiuzwi.

Pilipili Kichaa

Lushois umenimaliza na hiyo ya mwisho 😂😂 tiketi tunalipa kila mwezi bwana, haujui tu

Mkongo wa Kariakoo

Habari zenu ndugu zangu, mimi mzaliwa wa Uvira, niko Dar mwaka wa kumi na moja, nafanya kazi za nyuma ya kamera, taa na vifaa. Niwape ya huku mlinganishe.

Nyie mnaona Bongo muvi mnadhani huku kila aktrisi tajiri. Enzi za DVD staa alikuwa analipwa kwa filimu, anapokea chake, basi. Msambazaji ndiye anabaki na masta na anachapa kopi anavyotaka, na kopi za wizi zinavuka ziwa zinafika kwenu Uvira, Bukavu, Goma, mnanunua kwa bei ya karanga, msijifanye hamjui. Sasa angalia nani alifikiria mbele: Johari, Blandina Chagula, hakukaa kusubiri kuitwa, yeye na muigizaji mwenzake Ray wakafungua RJ, kampuni yao. Wenzake kibao waliokuwa na sura kali kuliko yeye (samahani dada Johari kama unapita huku) leo wanauza mawigi mtandaoni.

DVD zilipokufa, tamthilia ndio zikashika. Hapo nimtaje mwanamke mmoja ambaye mkiweza mumsome vizuri, Leah Mwendamseke, tunamwita Lamata. Kapuni, Jua Kali, zote za chaneli ya Maisha Magic Bongo, zote kazi yake. Alianzia kwenye kuandika na kuongoza, hakuanzia kwenye kuonekana. Tamthilia ni mshahara ndugu zangu. Filimu ni mahari, inakuja mara moja mnaila na wajomba inaisha. Tamthilia ni shamba.

Mwana Kadutu

Mkongo wa Kariakoo ni sawa lakini unaongea nchi yenye chaneli inanunua. Huku televisheni ya mutaa ndiyo inakuambia WEYE ulipe ili filimu yako ipite. Nilipeleka kazi mwaka 2019, chaneli silitaji, wakanipa faktire (bili). Mimi! Nikafikiri wamekosea upande wa karatasi. Sasa prodyuza wa Goma anatoa hela wapi, na anarudisha kwa nani? Yaya MamaPacha ujibu hii ndiyo swali.

MamaPacha Ndosho

Naijibu, ila kwanza naenda mbali kidogo, munivumilie, mutoto mumoja wa hapa alinisaidia kusoma hizi na zikaninyima usingizi.

Kuko mama mumoja wa Marekani, Lucille Ball, muchekeshaji. 1951 alianza mchezo wa televisheni na bwana yake Desi Arnaz. Chaneli ilitaka wacheze New York, moja kwa moja hewani, kama ilivyokuwa desturi. Wao wakasema hapana, tunabaki Los Angeles na tunapiga kwa filimu. Bei ikapanda. Wakasema sawa, mutukate dola 1000 kwa malipo yetu kila wiki, LAKINI zile filimu zikiisha kupita zinabaki zetu. Wakubwa wakakubali haraka, juu wakati ule nani angetaka kuona mchezo wa wiki iliyopita? Takataka. Ile takataka wakaja kuiuzia chaneli ile ile 1957 karibu dola milioni 5, wakanunua studio nzima. 1962 wakiwa wameachana tayari, akanunua na sehemu ya bwana, akabaki anaongoza peke yake. Star Trek mnayoisikia ilitoka kwa studio ya huyu mama.

Yaani alikubali kupunguziwa kashe (malipo ya kucheza) ili ashike diski. Mimi na ile soda yangu ya moto nilifanya kinyume.

Munasema huyo ni muzungu. Haya, Akissi Delta. Nani hapa hakuangalia Ma Famille? Goma nzima ilikuwa inaingia ndani saa ile, mboga zinaungua. Huyu mama wa Côte d'Ivoire hakusoma ata siku moja darasani, alianza kuigiza kwenye televisheni ya nchi yao na vichekesho, halafu 2002 akatoka na Ma Famille, yake mwenyewe, ameongoza, ametoa, amecheza ndani. Hakusubiri mutu mwenye diploma amupe nafasi ya kuwa mke mwenye wivu. Alijipa. Na Funke Akindele wa Nigeria, huyu munamujua kwa zile kaseti za Jenifa, 2023 ametoa filimu ya mama na watoto wake wavulana watano, ikapita naira bilioni moja kwenye sinema za kule, ya kwanza ya Nigeria kufika hapo. Prodyuza ni yeye, na yule mama kwenye filimu ni yeye.

Hela tunatoa wapi: tuko wanawake watano, likelemba (upatu) ya dola 20 kila mwezi, ya mwaka na nusu. Watatu tulikuwa kwenye teatre, mimi ndani, mumoja ni mushonaji, mumoja anauza makala (mkaa) na hajaigiza maisha yake yote ila ako na akili ya hesabu inatisha, yeye njo tumefanya prodyuza mukubwa juu hakopeshi ata ndugu yake. Tunatengeneza mchezo wa vipande sita vya dakika kumi na mbili. Tunapiga kwa simu na taa mbili za kuazima. Kilichotushinda si picha, ni sauti. Goma hakuna kimya. Pikipiki, msumeno, kanisa, jenereta, tena kanisa. Tumejaribu saa kumi na moja asubuhi, jogoo. Mwisho tumehamisha seneri zote za maana ndani ya chumba cha kuhifadhia makala, magunia yanakula mwangwi kuliko godoro la studio, ila tunatoka weusi puani.

Kulipa pia ni hesabu. Mwezi wa kwanza 2025 benki zilifunga hapa, munajua, siasa tuiache nje ya mlango. Kila kitu kwa simu na kila kutuma kunakatwa, kwa hiyo ile dola 10 ya muigizaji inafika imepungua na anafikiri umemuibia. Sasa tunaandika mbele: kashe ni kiasi hiki, na makato ni juu yetu.

Nani atanunua? Sijui kila kitu Mwana Kadutu, chaneli haitanunua. Tunafikiria kuuza kwa vyama vya akina mama na kwa wale wale ba ONG, lakini safari hii kwa kibali cha miaka miwili, si kuwapa moja kwa moja. Miaka miwili ikiisha na kolera ikirudi, watupigie simu.

Lushois wa Katuba

Kibali cha miaka mibili 👏 Yaya, na kisheria munaweza. Ile sheria, ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 avrili 1986 iko na haki za mutunzi na haki jirani za muigizaji, haifiche. Na kuko SOCODA, shirika la haki za batunzi, ya kuandikisha. Shida bantu banaandikisha wimbo, muigizaji anafikiri haimuhusu.

Ka Dada Himbi

Habari za jioni bayaya zangu. Niko na miaka 21, nimesoma uzi wote. Naomba kuuliza kitu ila naogopa. Kuko mutu alinipigia simu, anasema ni prodyuza kutoka Kinshasa, ako na roli ya kwanza ya filimu, nipite kwa hoteli yake saa mbili usiku kufanya kasting (kujaribiwa kwa roli), nisije na mutu. Ni kawaida?

MamaPacha Ndosho

Dada yangu mudogo HAPANA. Usiende. Andika ile namba mahali na uniletee kwa inbox.

Kasting inafanywa mchana, kwenye salle (ukumbi), mlango wazi, unapewa karatasi ya maneno ya kusema, kuko mutu mwingine wa kukujibu maneno, kuko wenzako nje wanasubiri na wanakusikia. Na unaweza kuja na mama yako, na kama mama yako anakohoa anakohoa. Mwenye kukuambia usije na mutu hana filimu. Nimekuwa kwa hii kazi miaka 14 na sijaona ata moja, narudia ATA MOJA, filimu iliyopigwa ikaisha ikaonekana na ilianza kwa hoteli saa mbili usiku.

Mwana Kadutu

Ninaunga mkono, na mimi ni mwanaume na niko nyuma ya mikro, nasikia mengi. Dada uende pale Yole!Africa uulize, pale kuna watu wa filimu wanajulikana, watoto wengi wa Goma walishika kamera mara ya kwanza kule. Prodyuza wa kweli kuna mutu anamujua. Kila mara.

Yaya MamaPacha narudi kwa likelemba yenu. Ile chumba cha makala imenigusa. Niko na mikro ya fimbo na rekoda ya zamani lakini inashika vizuri. Mashua ya Bukavu mutanilipia?

MamaPacha Ndosho

Mashua tunalipa, kulala ni kwa shemeji yangu Majengo, chakula ni kile tunakula. Kashe ni sawa na ya waigizaji, hakuna mukubwa. Na utasaini karatasi, ukurasa mumoja, Kiswahili, namba tatu muhimu ziko juu kabisa: unalipwa ngapi na lini, kazi itaonyeshwa wapi na kwa muda gani, na kila mutu aliyecheza anapata kopi yake kwenye fleshi siku ile ile tunamaliza. Hiyo ya tatu muuza makala aliikataa, anasema kopi zitavuja zifike sokoni kabla ya sisi. Tulibishana siku mbili. Tumepatana fleshi zikae kwake ndani ya sanduku la hela, kila moja na jina la mutu. Siridhiki nayo, naandika hapa ili ajue bado siridhiki.

Mkongo wa Kariakoo

Muuza makala anajua maisha 😂 Mwacheni huyo, ndiye atawafikisha.

Ka Dada Himbi

Yaya nimekutumia ile namba. Nimemujibu kwamba nitakuja na kaka zangu wawili, amenizuia (kubloki). Asante. Naomba pia kama kuna nafasi kwa mchezo wenu, naweza kuimba, kucheza dansi, na kulia haraka. Nilikuwa natamani roli ya bibi harusi.

MamaPacha Ndosho

Roli ya bibi harusi imechukuliwa na mushonaji, gauni ni lake, hatuna namna. Jumamosi saa nane mchana uje Ndosho, ukifika kwa bamotari uliza kwa mama wa makala, wote wanamujua. Lete vitenge viwili vya zamani visivyong'aa. Na usipake kitu usoni, unacheza mjane.